Vigingi vya Yvonne

Mchoraji wa maandishi alimuuliza Mzee Muindi swali dogo tu: jina liandikwe kwa herufi kubwa zote, au kubwa iwe ya kwanza peke yake? Mzee akasema ngoja kidogo, naenda msalani, akaondoka na hakurudi. Mchoraji alimngoja pale langoni mwa Kilima cha Majivu, brashi mkononi, rangi ya kijani ikishika utando koponi, hata akachoka akaandika kwa akili yake mwenyewe: NJIA YA MZEE MUINDI KYULE. Jiwe lilikuwa jeupe, pana kama mlango, limeletwa na trekta kutoka mtoni. Jumamosi lingefunuliwa mbele ya umati, na kwaya ya kanisa ilikuwa imeshaanza mazoezi.

Muindi alikuwa nyuma ya choo, amechuchumaa, ameshika kichwa. Mtu mzima wa miaka sitini na minne! Alikuwa analiogopa jiwe. Na alikuwa na kila sababu ya kuliogopa, wacha nikwambie.

Kilima chenyewe si cha Mungu. Hapa Kwa Muu, chini ya milima ya Kilungu, kulikuwa na kiwanda cha kuchoma mawe ya chokaa. Kilichoma miaka ishirini na minane, na kila walichokikataa, mawe yaliyoiva nusu, jivu la tanuri, vumbi laini kuliko unga, walikitupa nyuma ya ukuta. Siku walipofunga waliuza mabati, wakauza vyuma, wakauza hata mlango wa choo. Takataka wakatuachia sisi. Mwezi wa nane upepo ukivuma, jivu lilikaa nasi mezani. Watoto walikohoa, nguo zilizoanikwa nyeupe zilirudi ndani kijivu, na mbuzi, mnyama anayekula hata katoni, alipazunguka mahali pale kwa mbali.

Waliochoka kwanza ni akina mama wa mwethya, kile kikundi chetu cha kulima kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Mwenyekiti wao, Mbithe, mwanamke ambaye akikohoa tu mkutano unanyamaza, alikwenda kaunti mara tano. Mara ya sita walimpa alichotaka ili awapumzishe: malori ya udongo mwekundu wa kufunika jivu, miche, mabembea ya watoto, na injinia. Kilima kingegeuzwa mahali pa kupumzikia, na njia ya miguu ya kukizunguka hadi juu, viti, uwanja mdogo wa voliboli, na Kilungu yote iko mbele ya macho yako. Watu walicheka. Nani ataenda kupumzika juu ya taka? Siku hizi hao hao wanakuja na mikeka.

Sasa, huwezi kuchimba matuta Ukambani bila laini, ule mstari wa vigingi wa kufuatwa na majembe, na huku kwetu hupati laini bila Muindi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili afisa mmoja wa kilimo alipomfundisha kazi: fimbo mbili za kimo kimoja, kamba ya mita kumi kati yake, na katikati ya kamba kinaning'inia kipima maji, kijichupa chenye maji na kipovu kimoja cha hewa. Kipovu kikitulia katikati, chini ya fimbo hii na chini ya ile ni sawa. Piga kigingi, songa mbele. Wanawake wanafuata vigingi na majembe, wanatupa udongo upande wa juu, na mvua ikija maji yanasimama shambani badala ya kukimbilia mtoni. Muindi alipima hivyo miaka arobaini. Nusu ya mashamba ya Kilungu yamepita kwenye kamba yake. Watu walimwita Kipovu, na alilipenda jina hilo kuliko la ubatizo.

Mwethya una sheria moja ambayo haijaandikwa popote: aliyeharibu laini anaichimba upya peke yake, wengine wamekaa wakimtazama. Hakuna aliyeishika sheria hiyo kwa ukali kama Muindi. Mwaka fulani jirani yake, Munyao, aling'oa kigingi ili afunge mbuzi, kisha akakirudisha mahali pasipo pake. Muindi alimchimbisha siku mbili juani, na yeye mwenyewe akaleta kiti, akakaa kumtazama. Munyao alilifanya jambo lile mzaha, lakini hakulisahau.

Injinia tuliyeletewa alikuwa Yvonne, msichana wa miaka ishirini na sita, binti ya mwalimu wa huko Nunguni. Ilikuwa kazi yake ya kwanza. Buti mpya, heshima tele. Siku ya kwanza, kabla hajaenda kwa mtu yeyote, alifika nyumbani kwa Muindi, akanywa uji wa Ndunge, mke wa mzee, akasema:

“Mzee, mimi nina vyombo, lakini nimeambiwa jicho ni lako. Tusaidiane.”

Walipima pamoja siku tisa, upande wa magharibi na upande wa mashariki. Na hapo ndipo ubishi ulipoanza, ubishi wa upande mmoja, maana Yvonne hakujua kwamba anabishiwa. Laini zake hazikuwa sawa. Kwa kila urefu wa kamba alishusha kigingi vidole vitatu, ili maji yatembee polepole hadi kwenye mtaro wa mawe pembeni na kuondoka kabisa.

“Hiki si kilima, mzee, ni gunia la jivu,” alimweleza. “Likilowa tumboni litaporomoka. Hapa maji hatuyashiki. Tunayaonyesha njia.”

Muindi aliitikia kwa kichwa. Lakini neno lilimkwama kooni. Kufukuza maji! Ukambani! Yeye aliyezika mifugo wakati wa kiangazi, aliyemwona mamake akichota maji mchangani kwa kibuyu kilichokatwa, leo aambiwe na mtoto ayatupe maji?

Hata hivyo angemeza, nakuhakikishia angemeza, kama si chai ya Jumanne ile. Khamisa, mama mmoja wa kutoka Mwingi aliyeolewa huku, alikuwa na kibanda cha chai na mahamri chini ya kilima. Muindi aliingia, akakuta watu wamejaa, na Munyao yuko katikati yao.

“Kipovu!” akapiga kelele Munyao. “Ati siku hizi kazi yako ni kushika ncha ya kamba, msichana ndiye anasoma?”

Kibanda kilipasuka kwa kicheko. Khamisa mwenyewe alicheka mpaka akamwaga chai. Muindi alitoka bila kugusa hamri lake.

Baadaye alijiambia mara elfu moja kwamba aliyoyafanya aliyafanya kwa ajili ya maji. Uongo. Aliyafanya kwa ajili ya kicheko kile.

Kesho yake Yvonne aliitwa ofisini, mjini Wote, kwa siku tatu. Kabla ya kuondoka alimshika mzee mkono. “Nakuachia vigingi vyangu. Hata mbuzi asiviguse.”

Muindi alidamka asubuhi mbili mfululizo, kabla ya akina mama kufika, na kamba yake na fimbo zake. Alianza magharibi, akamalizia mashariki. Aling'oa kigingi kimoja kimoja, akakipandisha mpaka kipovu kikatulia katikati kama alivyozoea, akakipiga tena. Zile ncha za matuta zilizotakiwa kuachwa wazi aliziwekea vigingi vya kuziba. Aliona raha, hiyo ndiyo kweli, raha ya fundi aliyerudishiwa kazi yake. Wanawake walikuja wakachimba wakiimba, wakifuata vigingi vya injinia vyenye vichwa vyekundu.

Yvonne aliporudi matuta yalikuwa tayari. Alitembea juu ya tuta la kwanza, akasimama. Akatoa kitabu chake, akapima, akakitazama kitabu, akapima tena.

“Mzee, hivi ndivyo nilivyoviacha?”

“Vigingi ni vyako, mwanangu,” alisema Muindi, akijifanya anafunga kamba ya kiatu.

Yvonne aliyatazama matuta tena. Kule ofisini walikuwa wanamharakisha, nyasi zilikuwa zimeshashushwa kwenye lori, wanawake wanangoja. Akafunga kitabu. Muindi akashukuru Mungu. Fikiria, akashukuru.

Mvua za kwanza zilipokuja, maji yalitulia nyuma ya matuta, safi, unajiona uso. Muindi alipanda juu kila asubuhi kuyatazama. Watoto walibembea, vijana walipiga voliboli, harusi mbili zilikuja kupiga picha. Halafu Novemba ikanyesha karibu siku nne bila kupumua. Siku ya nne ilikuwa Jumapili, na mchana mvua ikakatika kidogo, watoto wakatoka kucheza. Saa tisa alasiri watoto waliondoka kwenye mabembea wakikimbia manyunyu, na dakika chache baadaye upande wa magharibi ukashuka. Haukupiga kishindo kikubwa. Ulikaa tu chini, kama mtu aliyechoka, ukaendelea kwenda. Ukabeba mabembea, ukabeba viti, ukabeba kibanda cha Khamisa na Khamisa ndani yake, ameinama anafunika jiko.

Muindi alikuwa wa pili kufika. Alichimba lile tope la kijivu kwa mikono, kucha zikitoka damu. Khamisa alikuwa amezama hadi kiunoni, nguzo ya kibanda imemlalia mguu, akimwita Mungu, halafu mamake, halafu Mungu tena. Alipoona uso wa mzee alimshika shati. “Mzee wangu, usiniache,” akasema. Walimtoa. Alipasuliwa mara mbili hospitalini, na mguu wa kushoto ukabaki mfupi.

Ulifanyika mkutano. Wakubwa walikuja na karatasi, na kila karatasi ilikuwa na sahihi ya Yvonne. Yeye alikaa kwenye kiti cha plastiki, mikono katikati ya magoti, hakuinua macho. Mmoja wao akamgeukia Muindi kwa adabu.

“Mzee, wewe ulikuwa hapo siku zote. Vigingi vilikuwa vya nani?”

“Vigingi vilikuwa vya injinia,” alisema Muindi.

Hakuna neno hata moja la uongo pale, hebu litafute. Akakaa chini. Wiki ile ile Yvonne akaachishwa kazi, na wazee wenzake Muindi wakampiga mgongoni wakisema ndiyo hasara ya kuwapa watoto kazi ya watu wazima.

Tangu siku ile chakula kilimshinda. Ndunge alimpikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, chakula anachokipenda kuliko vyote, akamwona anakizungusha kwenye sahani. Basi mwezi wa kumi na mbili Muindi akachukua jembe na toroli, akaenda kilimani magharibi peke yake. Miezi mitatu! Kila siku isipokuwa Jumapili. Alikata matuta upya kwa mteremko wa vidole vitatu, kila kipimo anakikumbuka, akajenga mtaro wa mawe alioutaka Yvonne. Alidhani akichimba vya kutosha moyo utanyamaza. Wapi. Watu walianza kumsifu. Mchungaji alimtaja madhabahuni. Mbithe alisema hajawahi kuona mzee wa roho kama hiyo, na kamati ikakaa ikaamua njia iitwe kwa jina lake.

Na Khamisa! Alipotoka hospitalini, kitu cha kwanza alichofanya, akiegemea mkongojo, ni kupanda kilimani saa nne asubuhi na chupa ya chai na mahamri mawili ndani ya kitambaa.

“Usilipe,” alimwambia. “Unajichosha kwa ajili yetu. Nakuombea kila swala.”

Alifanya hivyo kila siku. Muindi aliinywa chai ile, na kila funda lilishuka kama jivu.

Lakini kulikuwa na jambo baya zaidi, na ndilo lililomweka macho usiku. Upande wa mashariki. Mashariki haukuporomoka, kwa hiyo hakuna aliyeugusa. Matuta yake yalikuwa bado ni yale yale, sawa kabisa, ncha zimezibwa, yanangoja maji. Alitamani kwenda kuyakata. Lakini wangemuuliza, mzee, kwa nini unachimba upande ambao haujaharibika? Na hakuwa na jibu lisiloanza na yeye mwenyewe. Akawa anamwomba Mungu mvua za Machi zichelewe. Mkamba, mkulima, mwenye mahindi na maharagwe shambani, anaomba isinyeshe!

Halafu kamati, kwa huruma yao, ikamjengea Khamisa kibanda kipya. Wakakiweka upande ulio salama. Mashariki.

Ndiyo maana alikimbia swali la herufi. Alipotoka nyuma ya choo Jumatano ile, aliona mawingu juu ya Kilungu, meusi, mazito, na chini yake moshi mwembamba wa jiko la Khamisa. Hakulala. Alhamisi alfajiri Ndunge alikuwa anampigia pasi koti la Jumamosi.

“Acha,” alimwambia. “Hilo koti sitalivaa.”

Akashuka barabara kuu, akapanda gari la Emali. Alikuwa amesikia Yvonne anauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi huko. Alimkuta anahesabu misumari, amevaa aproni ya buluu. Yvonne alipomwona aliruka, akazunguka kaunta, akamletea kigoda.

“Mzee Muindi! Karibu. Nyumbani hamjambo? Khamisa anaendeleaje?”

Afadhali angenuna. Muindi hakukaa. Alitoa mfukoni kigingi kimoja chenye kichwa chekundu, akakiweka kwenye kaunta.

“Ni mimi niliyevihamisha,” alisema. “Ulipoenda Wote. Nilivipandisha vyote mpaka vikawa sawa. Si wewe uliyekosea. Nilijua, na kwenye mkutano nilijua, na nikanyamaza.”

Mteja aliingia akataka bawaba mbili. Yvonne alimpa bawaba, akampa chenji, akamwambia karibu tena. Kisha akarudi, akakishika kile kigingi.

“Nilikuuliza,” alisema.

“Uliniuliza.”

“Nilikuuliza mzee, nikikutazama usoni, ukanijibu vigingi ni vyako. Unajua nilifanya nini? Nilirudi nyumbani nikafuta vipimo vyangu vyote kitabuni. Vilikuwa sawa, nikavifuta! Nilisema Mzee Muindi hawezi kukosea, basi aliyekosea ni mimi. Na kwa sababu niliogopa kuonekana sijui kazi, sikurudia. Hiyo ni yangu, nitaibeba. Lakini tangu Khamisa aumie sijaamini macho yangu. Juzi mtu ametaka waya wa mita tatu, nimeupima mara nne.” Machozi yalikuwa yanamtoka, na sauti yake ilikuwa ya hasira. “Unataka nikuambie haidhuru, mzee? Sitakuambia.”

“Sikuja kwa hilo.”

“Ulikuja kwa nini?”

Muindi aligeuka akatazama nje, mawingu yalikokuwa yanajikusanya. Yvonne alimtazama. Kisha uso wake ukabadilika.

“Umesema vyote. Hata mashariki?”

Mzee aliinamisha kichwa.

“Mzee. Nani yuko chini ya mashariki?”

“Khamisa.”

Yvonne alivua aproni, akaiweka juu ya misumari, akamwambia mwenye duka kwamba anatoka na asimngoje leo.

Walipofika Kwa Muu saa saba mchana mbingu ilikuwa imefunga. Yvonne alikuwa amempigia Mbithe simu njiani, na Mbithe hakuuliza mengi. Wanawake arobaini hivi walikuwa wamesimama na majembe mbele ya kibanda cha Khamisa, Ndunge akiwa miongoni mwao, na Munyao kando yao. Walipomwona Yvonne kulitokea manung'uniko. Muindi akajisukuma mbele, akamtazama Khamisa, maana kwa mwingine yeyote ingekuwa rahisi zaidi.

“Khamisa, aliyekuvunja mguu ni mimi,” alisema. “Huyu mtoto alipima vizuri. Mimi niling'oa vigingi vyake, nikavipanga nilivyotaka, kwa sababu mlinicheka kule kibandani. Na huku mashariki nilifanya vile vile, na niliwaacha wakulete ukae chini yake.”

Munyao, ambaye angeweza kummaliza kwa mzaha mmoja, alitazama chini. Khamisa alikuwa amekaa kwenye benchi, mkongojo mapajani, anamwangalia Muindi kana kwamba anatafuta mtu mwingine ndani ya ngozi ile.

Yvonne hakuwapa nafasi. “Hayo mtayamaliza baadaye. Sasa hivi kila tuta lifunguliwe ncha ya kusini, maji yapate pa kutokea. Mama Khamisa atolewe hapa. Twendeni.”

Walipanda. Wanawake walizitoboa zile ncha kwa majembe, Yvonne akikimbia kutoka tuta hadi tuta, akionyesha kwa mkono hapa, hapa, ndani zaidi. Hakupima mara nne. Munyao alibeba jiko na masufuria ya Khamisa kichwani. Muindi naye alichimba, lakini popote aliposimama wenzake walisogea kidogo, na hakuna aliyempa maji ya kunywa. Mvua ilifika jioni, kubwa. Maji mekundu yalitoka kwenye zile ncha, yakashuka pembeni, yakaenda zake. Mashariki haukusogea.

Ijumaa mwethya ukakaa. Mbithe alisimama, hakukohoa hata kidogo.

“Muindi, sheria unaijua. Umeisimamia wewe mwenyewe miaka arobaini.”

“Naijua.”

Ndunge alishindwa kuvumilia. “Lakini si ameshachimba magharibi yote! Miezi mitatu, peke yake, mmemwona kwa macho yenu!”

Watu waliguna, wengine walikubali, wengine la. Ndipo Khamisa akajiinua juu ya mkongojo wake, polepole.

“Hiyo alichimba akisifiwa,” alisema. “Nimempandishia chai kwa mguu huu kila siku, nikimwombea dua. Hiyo haihesabiwi.”

Hakuna aliyempinga, na Ndunge akajifunika leso usoni. Jumamosi haikuwa na kwaya. Lile jiwe lilivutwa hadi pale mdomo wa mtaro wa mashariki utakapokuwa, likalazwa kifudifudi ili maji yaliangukie yasichimbe udongo. Muindi mwenyewe ndiye aliyesaidia kulisukuma.

Jumatatu asubuhi Yvonne alikuja na kitabu kipya na vigingi vyenye vichwa vyekundu. Muindi alishika fimbo moja, yeye nyingine, na kipima maji cha mzee kikaning'inia kati yao. Yvonne ndiye aliyesoma.

“Shusha.”

Muindi akashusha.

“Shusha tena. Vidole vitatu. Hapo.”

Akapiga kigingi hapo. Laini ilipokamilika Yvonne akasogea kando kuandika vipimo kitabuni, na Muindi akashika jembe. Wanawake walikaa kwenye nyasi wamenyoosha miguu, kama sheria inavyotaka. Hakuna aliyeimba. Munyao alikuwa ameleta kiti, lakini alikiacha kimelala ubavu, akakaa chini na wengine.

Saa nne Khamisa alitokea njiani na chupa yake ya chai na mahamri kwenye kitambaa, mguu mmoja ukigonga, mwingine ukiburutwa. Alimmiminia Yvonne kwanza. Akammiminia Mbithe, akawamiminia akina mama, akammiminia Ndunge, hata Munyao akapata. Muindi alikuwa amesimama mtaroni, jasho linamtiririka, na kwa mazoea ya miezi mitatu alinyoosha mkono.

Khamisa alifunga kizibo cha chupa.

“Yako ni ya kununua, mzee,” alisema.

Muindi alipapasa mifuko ya suruali. Alikuwa ametoka nyumbani bila kitu. Akamwambia Khamisa asante, akainama, akaendelea kuchimba.